Njia Niliyoifuta

Mara ya kwanza kuwaona watu wa klabu ile niliona miguu yao tu. Nilikuwa nimelala chali chini ya lori lililozimika Nanyala, kando ya barabara kuu, natafuta waya uliokuwa ukigusa chuma. Mimi ni fundi umeme wa magari, karakana yangu iko Tunduma, na dereva yule alinipigia simu kwa kuwa ananijua. Kutoka chini ya lori niliona jozi ya raba ikitoka kwenye shamba la kahawa, ikasimama kando ya mti kwa pumzi tatu au nne, kisha ikatokomea upande wa mahindi. Baada ya dakika mbili ikaja jozi nyingine, ikafanya vilevile. Kisha ya tatu. Hakuna aliyesema neno. Hakuna aliyekuwa akiwafukuza.

Dereva, Mzambia mtu mzima, aliwaona vizuri zaidi kutoka juu. Alipandisha kioo.

“Fundi, maliza haraka,” alisema kupitia upenyo uliobaki. “Hapa si pazuri.”

Nilipomaliza nilikwenda kwenye ule mti. Kitambaa chenye pande tatu, nusu cheupe nusu rangi ya chungwa, kilikuwa kinaning’inia kwa kamba, na chini yake kibanio kidogo cha plastiki chenye meno kama sindano. Nilikuwa nimenyoosha mkono niliposikia sauti nyuma yangu.

“Usiiguse, baba. Ikipotea hiyo tunapotea wote.”

Alikuwa mwanamke wa umri wangu, amelowa jasho, ramani mkononi. Alibana kadi yake, meno yakaacha matundu madogo kwenye karatasi, ndipo akanitazama usoni akacheka. “Kumbe wewe! Si ndiwe uliyeniuzia betri ikafa siku ya nne?”

Nikamkumbuka. Alikuwa wakala wa forodha pale mpakani, mwenye gari dogo jeupe. Nikamwambia betri ilikuwa nzima, tatizo lilikuwa oltaneta ya kuichaji, na nilimwambia siku ileile.

“Njoo Jumamosi uniambie tena,” alisema, akazama kwenye mahindi.

Nilikwenda. Klabu ilikuwa na watu kama ishirini hivi, na aliyeianzisha alikuwa mwalimu wa jiografia wa sekondari, ambaye sote tulimwita Mwalimu. Mchezo wenyewe ni rahisi kueleza. Unapewa ramani na dira. Kwenye ramani kuna duara za vituo, na kwenye kila kituo porini kuna bendera kama ile niliyoiona Nanyala. Unavifikia vyote kwa mpangilio, unabana kadi yako kwenye kila kimoja, unarudi. Simu zinaachwa kwenye mfuko mahali pa kuanzia. Kila mtu anabeba filimbi ya kuomba msaada. Na kuna sheria moja ambayo Mwalimu aliirudia kila Jumamosi kama mtu anayesoma matangazo kanisani: kadi ambayo haijarudi ni mtu ambaye hajarudi, na hakuna anayeondoka mpaka kadi zote ziwe mezani.

Magoti yangu hayakuwa ya kukimbia. Lakini ramani ziliniingia. Niliacha shule kidato cha pili; umeme nilijifunza kwenye vitabu vya mitumba na kwa kuunguza vitu, na baadaye nilisoma upimaji wa ardhi kwa njia hiyohiyo, bila kuunguza kitu. Kilichonivutia ni kwamba ramani inaweza kujaribiwa kwa miguu. Ukisema hapa pana korongo, ama lipo ama halipo. Baada ya miezi michache nilijitolea kazi ambayo wengine hawakuitaka: kwenda peke yangu kwenye eneo jipya wiki kadhaa kabla ya mashindano, kuhesabu hatua, kupima mielekeo kwa dira, na kuchora kila njia, kila mwamba, kila ukingo wa shamba.

“Fundi anachora mpaka vichuguu,” wakala aliwaambia wenzake mara moja. “Siku moja atanichora na mimi nikikaa kupumzika, halafu mtu aje abane kadi kwangu.”

Yeye na mimi tulikuwa marafiki kwa namna hiyo. Alikuwa mjane, msemaji, na ndiye aliyeisoma ramani vizuri kuliko wote. Mwaka mzima sikumwona akipotea.

Eneo lililotushinda wote lilikuwa mlima mmoja upande wa Itumba. Chini kuna migomba na kahawa, katikati misonobari iliyopandwa na familia za pale, na kwenye makorongo kuna msitu wa asili ambao haujaguswa. Ukungu hushuka bila taarifa. Nilipima kwa Jumanne nne, kwa kuwa Jumanne karakanani kazi huwa chache.

Jumanne ya tatu nilikuta njia ambayo sikuitarajia. Nilikuwa tayari nimechora njia moja ya kawaida inayopanda kuelekea mgongo wa mlima, yenye mavi ya mbuzi na maganda ya miwa. Hii ya pili ilikuwa kama mita mia na hamsini mashariki yake, ikipanda sambamba nayo. Upana wake uliwatosha watu wawili waliobeba kitu kati yao. Kilichonifanya nisimame ni usafi wake. Misonobari ilikuwa pande zote mbili, na kila mahali chini yake ardhi ilikuwa imefunikwa na majani makavu kama sindano, lakini juu ya njia hapakuwa na hata jani moja. Hapakuwa na unyayo pia. Nilihesabu hatua tisini, nikiziandika, huku nikitambua kwamba siwasikii tena ndege niliokuwa nawasikia kule chini.

“Unaandika nini?”

Mwanamume wa umri wangu alikuwa amesimama nje ya njia, amevaa buti za mvua, jembe begani. Ndiye mwenye eneo lile. Ukoo wake ndio uliotupa ruhusa ya kukimbia pale. Nilimwamkia nikamwonyesha karatasi.

“Naandika njia.”

“Hii usiiandike.”

“Kwa nini, kaka?”

“Si njia ya kupita. Ni ya kupeleka.”

“Kupeleka nini?”

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kijiko ni cha nini. “Watu,” alisema. “Wetu. Wakishafariki. Hatuipiti siku nyingine.”

Nilishuka kando haraka, nikaomba radhi. Kisha, kwa kuwa sijui kuacha swali, nikamuuliza nani anaifagia.

“Haifagiwi,” alisema. Akahamisha jembe bega la pili. “Haiwekwi kwenye karatasi ya kuchezea, Fundi. Umenielewa?”

Nilielewa. Nilitoa kifutio palepale, mbele yake, nikafuta.

Katika kazi hii kuna kanuni niliyoijua vizuri: kilichopo ardhini kiwepo kwenye ramani, na mahali pasipotakiwa kuingiwa pachorwe mistari ya kukataza. Ningeweza kulichora eneo zima kwa mistari hiyo. Lakini mistari ya kukataza huwafanya watu waulize kuna nini. Niliona kufuta ni heshima zaidi. Hayo ndiyo niliyojiambia, nayo ni kweli kwa sehemu. Sehemu nyingine ni kwamba sikutaka kuifikiria tena njia ile. Sikumwambia Mwalimu wala mtu yeyote.

Siku ya mashindano ukungu ulikuwa umeshuka tangu alfajiri. Mwalimu aliuangalia akasema utapanda saa tatu, na kweli ulipanda kidogo, kiasi cha kuiona misonobari ya kwanza. Tuliwaachia watu kumi na tisa, mmoja mmoja, kila baada ya dakika tatu. Wakala alikuwa wa kumi na nne. Alipochukua ramani aliinusa.

“Inanuka kifutio,” alisema. “Fundi, umekosea wapi?”

“Nenda, muda wako unakwenda,” nilisema.

“Ehe mukwai,” alijibu, yaani ndiyo bwana, kwa adabu ya Kibemba anayowapa wateja wake wa ng’ambo, akaondoka.

Kabla ya saa sita kadi kumi na nane zilikuwa mezani. Saa saba zilikuwa kumi na nane. Saa saba na nusu Mwalimu aliacha kutania. Watu walikaa kwenye nyasi wamejifunika khanga na makoti, hakuna aliyefungua chakula. Mwalimu alitandaza ramani na kuwauliza waliokuwa mbele na nyuma ya wakala. Kituo cha nne walimwona. Cha tano hakuna aliyemwona.

Kutoka cha nne kwenda cha tano unakwenda magharibi kuukata msitu, unaikuta njia, unapanda nayo. Niliitazama karatasi yangu, na mahali nilipofuta pakaonekana wazi kuliko mahali nilipochora. Kwenye ukungu mtu huhesabu hatua na kungoja njia ya kwanza. Akikuta njia iliyo wazi, inayopanda, kwenye mwelekeo uleule, na ramani inasema ipo moja tu, hasiti. Ataamini ni ile. Hata mambo mengine yasipolingana atayalazimisha yalingane, kwa kuwa karatasi haina njia nyingine. Yeye, aliyeziamini ramani zangu kuliko wote, ndiye angeifuata mbali zaidi.

Nilimvuta Mwalimu pembeni nikamwambia.

“Umefuta njia?” aliuliza, polepole.

“Nimeifuta.”

“Fundi.” Ningependelea atukane.

Tulikwenda kwa mwenye eneo. Alikuwa anakula. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono, akavaa buti, na tulipofika mwanzo wa njia akazivua, akaziweka kando zikitazama nyumbani kwake. Hakutuambia tuvue viatu. Tulivua.

Udongo ulikuwa baridi na laini kama wa ndani ya nyumba. Ukungu ulikuwa umetuzunguka, lakini njia yenyewe tuliiona mbele hatua nyingi kuliko tulivyopaswa. Mwalimu alipuliza filimbi mara tatu, tukasimama kusikiliza. Jibu lilikuja, dogo na kali, mara tatu vilevile. Lilitoka nyuma yetu.

“Amerudi chini,” Mwalimu alisema, akageuka.

“Usigeuke,” alisema mwenye eneo. “Twende.”

Najua ukungu hupotosha sauti. Najua pia kuna ndege wa misitu ya milimani anayeiga mluzi. Niliyafikiria yote mawili wakati uleule, na bado sikupenda kuwa wa mwisho kwenye mstari.

Njia ilifika kwenye uwazi mdogo wenye matuta ya udongo, mengine yamefutika karibu yote. Juu yake kulikuwa na sahani za bati na vikombe vilivyotobolewa matako. Nyuma ya matuta ilikuwa miti na mianzi iliyosongamana, giza tupu. Wakala alikuwa amekaa kwenye tuta la mwisho, ametupa mgongo, anaitazama mianzi. Kifundo cha mguu wa kushoto kilikuwa kimevimba kama kibuyu.

Nilimwita. Hakushtuka.

“Mmechelewa,” alisema. “Wenzenu wametangulia.”

“Wenzetu gani, dada?” Mwalimu alimuuliza akimfunika koti lake.

“Waliokuwa mbele yangu. Nilidhani ni nyie mnakusanya bendera. Niliwaita, hawakugeuka. Wametembea polepole tu, wawili wawili.” Alikuwa anatetemeka meno. “Mwalimu, hapa ni wapi? Kwenye ramani hapapo. Nimetazama mara mia. Hapapo.”

“Tumesikia filimbi yako,” nilisema.

Aliitoa mfukoni, ikiwa bado imefungwa kwa uzi wake. “Sijapuliza,” alisema. “Niliogopa wangegeuka.”

Mwenye eneo alisema tu kwamba hatutarudi tulikopita. Wanaozika pale hushuka kwa upande wa maji. Mwalimu alitaka kubisha, kwa kuwa njia ile ilikuwa fupi na mguu ule ulihitaji daktari, lakini wakala alimshika mkono akasema, “Huko sirudi.” Tukambeba kwa zamu kufuata kijito, nje ya ukingo wa ramani yangu, tukishikilia mizizi. Ilituchukua karibu saa mbili kufika barabarani. Muda wote alikuwa ameishika ile karatasi mbele ya uso wake, akiigeuza huku na huku, akirudia kwa sauti ya chini, “Hapapo. Hapapo.” Nilikuwa nimembeba mgongoni nikisikia. Sikusema kitu. Ningeweza kusema wakati ule.

Mfupa ulikuwa umevunjika. Alifungwa plasta, akarudishwa kwake Tunduma. Wiki ya kwanza nilisikia habari zake kwa wengine: halali vizuri, haendi ofisini, amemwomba mdogo wake ahamie pale. Nilisikia pia kwamba anawaambia watu amepatwa na ugonjwa wa akili kama marehemu shangazi yake, ambaye naye alianza kwa kuona vitu ambavyo havipo. Ushahidi wake ulikuwa ramani. Alikuwa ameikunja kwenye pochi na kuwaonyesha wageni: mimi nilitembea hapa, na hapa hakuna njia.

Kabla ya kwenda kwake nilirudi mlimani. Nilitaka kwenda na habari kamili. Nilimwomba radhi mwenye eneo, na nilipomweleza hali ya yule mama aliniruhusu kuipima njia mara moja, kwa kichwa, bila kalamu. Nilihesabu hatua mpaka kwenye matuta. Nilizunguka uwazi wote nikigusa mianzi kwa mikono. Nikauliza kaya saba za jirani kama siku ile kulikuwa na maziko. Hapakuwa na maziko. Mtu wa mwisho kupelekwa pale alipelekwa kabla ya mvua.

Nilimkuta wakala sebuleni, mguu juu ya stuli, televisheni inaongea peke yake. Nje malori yalikuwa kwenye foleni ya mpaka yakinguruma, na mdogo wake alileta chai akaondoka.

“Umekuja kunidai betri?” aliuliza. Ulikuwa utani wake, lakini sauti haikuwa yake.

Nilimwambia yote. Nilimwambia ni hatua ngapi, upana gani, mwelekeo gani kwa dira, nani alinikataza, na kwamba niliifuta kwa mkono wangu, nikakaa kimya hata nilipombeba mgongoni. Nilimwambia kichwa chake ni kizima na kwamba kilichoharibika ni karatasi.

Alisikiliza bila kupepesa. Kisha akashika mkono wa kiti.

“Njia ipo.”

“Ipo.”

“Nilikuwa nimesimama juu ya njia.”

“Ulikuwa umesimama juu ya njia.”

Alilia, kisha akanitukana kwa Kinyiha, Kiswahili na Kibemba, kwa mpangilio huo, na matusi yote nilistahili. Aliniita mwizi wa ardhi. Aliniita fundi wa kuunganisha waya kichwani mwa watu. Alipomaliza alipangusa uso kwa upande wa khanga, akanywa chai, na kwa mara ya kwanza nikaona mabega yake yameshuka.

“Na wale watu?” aliuliza.

“Nimeuliza. Hapakuwa na msiba. Kuhusu watu sijui.”

Aliitikia kwa kichwa, kana kwamba jibu hilo linatosha kwa sasa. “Mimi nilivunjika pale kwenye yale matuta,” alisema. “Niliteleza kwenye sahani. Ndipo wakaniacha, wao wakaendelea na njia. Inakwenda wapi, Fundi, baada ya pale?”

Niliiweka chai chini. Nilikuwa nimekuja kumrudishia njia yake, na ningeweza kumwambia kwamba sikufika huko. Lakini nilikuwa nimekwisha kufuta mara moja; sikutaka kufuta tena.

“Haiendi popote, dada,” nilisema. “Nimepazunguka pote kwa mikono. Inaishia kwenye matuta. Nyuma yake ni mianzi, hata kuku hapiti.”

Aliutazama mguu wake juu ya stuli, plasta nyeupe kutoka vidoleni mpaka gotini, akaupapasa taratibu kama mtu anayempapasa mbwa aliyembwekea mwizi.

“Basi afadhali nilivunjika,” alisema.